Ukitaka Kuhamia Caltech, Anza na Ratiba ya Muhula wa Kwanza

Kila mwaka kuna watu tunaowajua wanaoondoka kwenda Marekani. Wengine wamepata Green Card, wengine wamemfuata mzazi au shangazi, wengine wamelipiwa ada na ukoo mzima uliochangishana. Wengi wao hawaanzii Harvard wala Stanford. Wanaanzia kwenye chuo cha jamii, au komyuniti koleji kama wanavyoiita wao wenyewe wakipiga simu nyumbani. Basi huku vijiweni maneno yanaanza: "Kumbe kaenda Marekani kusoma chuo cha kata!"

Makala hii ni ya huyo anayechekwa, na ya yeyote kati yetu ambaye siku moja atajikuta kwenye njia hiyo. Tutajibu swali moja: mtu aliyeanzia chuo cha jamii anaweza kweli kuingia chuo cha sayansi kinachochuja watu kama chai, mfano wa Caltech au MIT? Anaweza, na wapo walioingia. Ila kinachoamua si kile ambacho wengi wetu tungedhani. Cheti cha miaka miwili hakiamui, na GPA peke yake haiamui. Kinachoamua kwa kiasi kikubwa ni mpangilio wa masomo, na mpangilio huo unafungwa mapema mno, pengine kabla mwanafunzi hajajua jengo la maktaba liko upande gani.

Kwanza tuelewane chuo cha jamii ni kitu gani. Ni chuo cha miaka miwili, kwa kawaida cha umma, kinachompokea karibu kila mtu. Humo wamo wanaosomea uuguzi, ufundi wa magari na mapishi, wamo wazee wanaojifunza Kiingereza, na wamo vijana wanaosoma mwaka wa kwanza na wa pili wa shahada ili wahamie chuo kikuu na kuingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Kikongwe kati ya vile vya umma, Joliet Junior College huko Illinois, kilianza mwaka 1901. Leo jimbo la California peke yake lina vyuo 116 vya namna hiyo.

California ndiyo mfano mzuri zaidi, maana huko njia hii ilipangwa na serikali, haikuzuka tu. Mpango mkuu wa elimu ya juu wa mwaka 1960 uligawa kazi: Chuo Kikuu cha California kichukue moja ya nane bora ya wahitimu wa sekondari, vyuo vikuu vingine vya jimbo vichukue kutoka theluthi bora, na vyuo vya jamii vimfungulie mlango kila anayeweza kufaidika na masomo, halafu atakayefanya vizuri apewe nafasi ya kuhama. Bei nayo inasema kitu. Mkazi wa California analipa dola 46 kwa yuniti moja ya masomo, kwa hiyo muhula wa yuniti 15 unamgharimu ada ya dola 690. Ukazi wenyewe una masharti. Aliyeingia na Green Card anatakiwa awe ameishi jimboni mwaka mmoja na siku moja, tena aonyeshe kwa vitendo kwamba amehamia kuishi. Mwenye viza ya mwanafunzi hana bahati hiyo, anatozwa ada ya mgeni ambayo ni mara kadhaa ya hiyo.

Kwa anayecheka, tumkumbushe Bruce Merrifield. Alimaliza sekondari mwaka 1939, akaingia Pasadena Junior College, akasoma miaka miwili, akahamia UCLA. Baadaye akabuni namna ya kuunganisha asidi za amino moja baada ya nyingine zikiwa zimeshikiliwa kwenye vipunje vigumu, kazi ambayo zamani ilichukua miezi na miezi. Mwaka 1984 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia. Eileen Collins alianzia Corning Community College kule New York, akahamia Syracuse kusoma hisabati na uchumi, na mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuwa kamanda wa chombo cha anga cha Marekani kinachoitwa space shuttle. Craig Venter, aliyeongoza moja ya kazi mbili za kusoma jenomu ya binadamu, alirudi kutoka vita ya Vietnam akaanza upya College of San Mateo kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha California, San Diego.

Hao ni watatu, na ni rahisi kuwataja watatu. Sasa upande wa pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wanaofuatilia vyuo vya jamii wamekuwa wakitoa hesabu ileile kwa miaka: karibu wanafunzi wanane kati ya kumi wanaoingia wanasema wanataka shahada ya kwanza, theluthi moja hivi ndio wanaohama, na baada ya miaka sita ni asilimia 16 tu ya wote walioanza ambao wameipata shahada. Wengine wote wako wapi? Wapo walioshindwa kulipa kodi ya nyumba, wapo waliopata watoto, wapo walioridhika na cheti na kazi. Lakini wapo wengi pia waliosoma kwa bidii vitu visivyohesabika kule walikokwenda. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Fikiria umepiga msuli miaka miwili, umefaulu kila kitu, halafu unaambiwa karibu nusu haina kazi. Huku kwetu tungeandamana.

Kwa nini krediti zinapotea? Hapa ndipo penye somo lenyewe, tukae kidogo.

Masomo ya sayansi yamefungwa kama mnyororo. Huwezi kushika pingu ya tatu kabla ya ya pili. Mwanafunzi anayelenga fizikia, uhandisi au kompyuta kwenye chuo kikubwa anatakiwa amalize, akiwa bado chuo cha jamii, kalkulasi ya kwanza, ya pili, na ile ya vigezo vingi. Kisha aljebra ya mistari na milinganyo difarensheli. Pembeni kuna fizikia inayotumia kalkulasi, ambayo kwa kawaida ni mihula mitatu: mekanika, umeme na sumaku, halafu mawimbi, joto na fizikia ya kisasa. Kuna kemia mihula miwili. Anayelenga biolojia au kemia anaongeza mihula miwili ya kemia ya oganiki. Na fizikia ya mekanika haikupokei mpaka uwe umeshapita kalkulasi ya kwanza. Ukizipanga kwenye karatasi utaona zinaingia ndani ya mihula minne kwa kubanana, hakuna nafasi ya kupumua.

Sasa tuchukue binti aliyemaliza Form Six, PCM, anafika California mwezi wa saba. Anakutana na mshauri wa wanafunzi, mtu mwema kabisa mwenye foleni ya watu mlangoni. Mshauri anamwambia: wewe ni mgeni, anza taratibu, chukua Kiingereza, historia ya Marekani, saikolojia na hisabati ya maandalizi ya kalkulasi. Ushauri huo unafaa kwa mtu asiyejua anataka nini. Kwa huyu binti ni ajali. Amesogeza kalkulasi ya kwanza muhula mmoja mbele, na kwa sababu hiyo fizikia ya kwanza nayo imesogea, na ya mwisho imeanguka nje ya mihula minne. Atamaliza miaka miwili ana cheti kizuri cha masomo ya jumla, na mkononi hana kile ambacho idara ya fizikia inakitaka.

Na kuna kitu kibaya zaidi ya hicho, ambacho watu hawakioni mpaka wameshachelewa. Maombi ya kuhamia Chuo Kikuu cha California yanafungwa mwishoni mwa Novemba, karibu mwaka mzima kabla ya kuhama. Maana yake mwombaji anaomba akiwa katikati ya muhula wa tatu. Matokeo kamili anayoweza kuonyesha siku hiyo ni ya mihula miwili tu, labda na ya kiangazi kama alisoma. Maombi ya Caltech na MIT hufungwa mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kwa hiyo huko anaongeza muhula mmoja. Yule aliyesema "muhula wa kwanza nizoee mazingira, nitakaza mwaka wa pili" ameshatuma nusu ya ushahidi wake akiwa bado anazoea mazingira.

Ndiyo maana ningemwambia binti yule, kabla hajachagua somo hata moja, afungue tovuti ya serikali ya jimbo inayoitwa ASSIST. Ni ya bure. Unaandika chuo cha jamii ulichopo, unaandika chuo kikuu cha umma unachokilenga na kozi unayoitaka, inakuonyesha somo gani la hapa linahesabika kuwa somo gani la kule. Aanzie mwisho arudi nyuma: idara ya kule inataka nini, kabla ya hicho kunatakiwa nini, na kabla ya hicho nini, mpaka afike Agosti hii. Akimaliza ndipo aende kwa mshauri, mkononi ana karatasi yake. Pia aombe apimwe ili aingie kalkulasi moja kwa moja. Mtu aliyepita Advanced Mathematics ya NECTA ameshaonana na intigresheni na vekta; hana sababu ya kurudishwa kwenye trigonometria kwa sababu tu cheti chake kina nembo isiyojulikana. Vyuo vingi vitamtaka apeleke cheti hicho kwa kampuni ya kutathmini vyeti vya nje, na hilo linachukua wiki kadhaa na pesa, kwa hiyo lianze mapema, ikiwezekana kabla ya kupanda ndege.

Tahadhari ndogo kwa hao wa PCM: kuijua mada si kupata A. Hapa tumezoea UE kubeba mzigo mkubwa, mtu anaamka wiki mbili za mwisho, anatafuta madesa, anatoka. Kule alama zinakusanywa kila wiki: asaimenti, jaribio dogo, maabara, mtihani wa kati. Ukilala wiki tatu A imeshaondoka, hata kama ule wa mwisho utaupiga mia.

Sasa twende Caltech yenyewe. Iko Pasadena, mji uleule wa chuo alichoanzia Merrifield, ambacho siku hizi kinaitwa Pasadena City College. Ukitoka lango la kimoja kwenda kingine kwa miguu hutumii nusu saa. Kimoja kina makumi ya maelfu ya wanafunzi na hakimkatai mtu. Kingine kina wanafunzi wa shahada ya kwanza wapatao elfu moja tu kwa miaka yote minne ukiwajumlisha. Wanaohamia ni wachache mno kila mwaka, na sababu si kiburi peke yake. Chuo ni kidogo, walioingia mwaka wa kwanza hawaondoki ovyo, kwa hiyo viti vinavyobaki wazi ni vya kuhesabu.

Sababu kubwa zaidi ni kile wanachokiita masomo ya msingi. Kila mwanafunzi wa Caltech, hata anayetaka biolojia au uchumi, lazima apite hisabati, fizikia, kemia na biolojia ya chuo hicho, pamoja na maabara na masomo kadhaa ya sanaa na jamii. Anayehama anaingia katikati ya treni inayokimbia. Kwa hiyo swali la wanaochagua si "huyu ana akili?" Waombaji karibu wote wana akili. Swali ni "tukimweka mwaka wa pili Septemba hii, atasimama?" Ndiyo maana kwa miaka mingi Caltech ilikuwa inawapa waombaji wa uhamisho mitihani yake yenyewe ya hisabati na fizikia. A ya chuo kingine waliiheshimu, ila walitaka kuona mkono wa mtu ukifanya kazi.

Tofauti iko wapi? Kalkulasi ya chuo cha jamii kwa kawaida ni ya kukokotoa: tafuta derivativu, tafuta eneo, chora grafu. Ya Caltech kwa miongo mingi ilifundishwa kwa kitabu cha Tom Apostol, profesa wao wenyewe, na mwanafunzi alitakiwa athibitishe. Kwa nini kikomo kipo? Kwa nini kanuni hii ni kweli siku zote na si kwa mifano mitano tu? Mtu anaweza kupata A tatu za kalkulasi bila kuandika uthibitisho hata mmoja. Akiambiwa athibitishe ndipo anagundua alikuwa anafuata mapishi.

Dawa ya hilo haiuzwi, na hata sisi tulio huku tunaweza kuinywa tukiwa na bando. MIT imeweka masomo yake wazi kwenye intaneti tangu miaka ya mwanzo ya 2000: mihadhara, asaimenti na mitihani ya miaka iliyopita, mingi ikiwa na majibu. Mihadhara ya fizikia ya Richard Feynman, aliyoitoa Caltech kati ya 1961 na 1963, inasomeka bure kwenye tovuti iliyofunguliwa na Caltech. Anayetaka kuhama achukue mtihani wa mwisho wa kalkulasi au mekanika wa MIT, afunge simu, ajifungie saa tatu, aufanye bila kuchungulia. Matokeo ya mtihani huo yatamweleza hali yake kwa ukweli kuliko transkripti. Akipata thelathini, si msiba: bado ana mwaka, na sasa anajua shimo liko wapi.

Kuna jambo moja ambalo chuo cha jamii kinalishinda chuo kikubwa, na wanafunzi wetu wanalichezea. Madarasa ni madogo. Anayefundisha ni mwalimu mwenyewe, kazi yake ni kufundisha, na ana saa maalumu za kukaa ofisini kusubiri wanafunzi. Sisi tumelelewa kumwogopa mwalimu, tukienda ofisini kwake ujue kuna sapu. Kule ukienda kila wiki na swali la maana, baada ya miezi mitatu anakujua. Na vyuo vya aina ya Caltech vinataka barua kutoka kwa waliokufundisha hisabati au sayansi. Barua inayosema "alipata A na alihudhuria" haina uzito. Barua inayosimulia kwamba mwanafunzi alikuja ofisini akiwa na njia nyingine ya kutatua swali la umeme, ikakwama, akarudi Jumatatu ameikwamua, hiyo inasomwa mara mbili.

Utafiti ndio udhaifu. Vyuo vya jamii havina maabara kubwa. Kiangazi ndicho cha kuziba pengo hilo: Caltech ina programu yake ya utafiti wa kiangazi, SURF, iliyoanza mwaka 1979, ambayo huchukua pia wanafunzi wa vyuo vingine. Kuna nyingine nyingi zinazolipiwa na mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, ila hizo ni za raia na wenye ukazi wa kudumu. Mwenye viza ya mwanafunzi asipoteze mwezi kuzijazia fomu.

Hapo nimesema Caltech, Caltech, kana kwamba ndiyo shabaha pekee. Maoni yangu ni kwamba anayehama kutoka chuo cha jamii akaomba Caltech na MIT tu, anacheza kamari. Mpango wa kwanza uwe Chuo Kikuu cha California, na hivi vidogo viwe nyongeza. UCLA kwa miaka ya karibuni imekuwa ikikubali karibu robo ya waombaji wa uhamisho, wengi wao sana kutoka vyuo vya jamii vya California, wakati wanaoomba kutoka sekondari anakubaliwa chini ya mmoja katika kumi. Kwa mtu wa sayansi takwimu hiyo inadanganya kidogo, kwa sababu uhandisi na kompyuta ziko chini sana ya wastani huo. Hata hivyo mlango ni mpana kuliko ule wa mbele. Halafu kampasi sita, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zina mkataba wa uhakika: timiza masomo na GPA iliyoandikwa, jaza fomu mwezi Septemba, nafasi ni yako. Unaruhusiwa kampasi moja tu, na kuna kozi za sayansi na uhandisi ambazo kampasi fulani hazizijumuishi, kwa hiyo isome ile karatasi mpaka mwisho. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo kwenye mkataba huo. Aliye na Davis mfukoni anaiomba Caltech akiwa na usingizi.

Uzuri ni kwamba mnyororo wa masomo ni uleule. Fizikia mihula mitatu na hisabati mpaka milinganyo difarensheli inakufaa Berkeley, inakufaa Caltech, inakufaa kokote. Masomo ya jumla ndiyo yanayotofautiana, na ndiyo maana mtu wa sayansi asiyape kipaumbele.

Pesa tuiseme bila kupepesa. Mwenye viza ya mwanafunzi hapati msaada wa serikali ya Marekani, na vyuo vingi vya umma havina cha kumpa. Hakuna bumu. Kwa mwenye Green Card mambo ni tofauti kabisa, anajaza fomu ya serikali kama Mmarekani. Kuna ufadhili wa Jack Kent Cooke Foundation kwa ajili ya wanaohama kutoka vyuo vya jamii kwenda vyuo vikuu bora, unaofika dola 55,000 kwa mwaka. Ushindani wake ni mkali kama wa Caltech yenyewe. Taasisi hiyohiyo ilitoa ripoti mwaka 2019 ikionyesha kwamba waliohama kutoka vyuo vya jamii kwenda vyuo vinavyochagua sana wanahitimu kwa kiwango sawa au zaidi ya wenzao waliotoka sekondari. Ukikutana na mtu wa chuo cha kata, mpe takwimu hiyo.

Kwa walio hapa chuoni wanaopiga hesabu kimyakimya, mambo mawili. Caltech na MIT hazimpokei mwenye shahada ya kwanza kuja kuanza nyingine kwa uhamisho, kwa hiyo aliye mwaka wa mwisho aelekeze nguvu kwenye masomo ya uzamili. Na mdogo wako aliyemaliza Form Six juzi asikimbilie kujiandikisha chuo chochote nje kwa haraka: akishakuwa mwanafunzi kamili wa chuo, vyuo vingi vitamhesabu kuwa wa uhamisho, na ule mlango wa mwaka wa kwanza, wenye viti vingi zaidi Caltech, utakuwa umefungwa nyuma yake.

Tuseme binti yetu amepita. Amefika Caltech Septemba. Kule alikotoka muhula ulikuwa wa miezi minne. Hapa mwaka wa masomo umekatwa vipande vitatu vya wiki kama kumi kila kimoja, na kufikia wiki ya tano mtihani wa kati umeshafika. Kushuka kwa alama katika muhula wa kwanza baada ya kuhama ni jambo linalojulikana sana, lilipewa jina tangu mwaka 1965 na mtafiti John Hills, aliyeliita mshtuko wa uhamisho. Wengi hupanda tena. Sheria za chuo zinamtaka asome hapo angalau miaka miwili, kwa hiyo hata akiingia na krediti za kujaza gunia, hatatoka kabla ya hapo.

Kigumu zaidi kwake huenda kisiwe hesabu. Caltech inaendeshwa kwa kanuni ya uaminifu: mitihani mingi mwanafunzi anakwenda nayo chumbani, anajiwekea saa mwenyewe, hakuna msimamizi. Asaimenti za kila wiki, kinyume chake, zimetungwa kwa makusudi ziwe ngumu kwa mtu mmoja, na wanafunzi wanaruhusiwa kukaa pamoja kuzijadili kisha kila mmoja anaandika kwa mkono wake. Waliofika mwaka wa kwanza wameshapata vikundi vyao bwenini. Aliyehama anafika watu wameshakaa mezani. Na akiwa amelelewa kwamba kuuliza ni kujidhalilisha, atajifungia na asaimenti ya fizikia mpaka saa kumi alfajiri, wakati chumba cha jirani wako wanne, wana pizza, na swali la tatu limewashinda vilevile. Agonge huo mlango wiki ya kwanza.